David Gonski na fungu la shule: jinsi mwenyekiti wa makampuni alivyoingizwa katika ugomvi wa miaka mia moja na hamsini

Mwanzoni mwa mwaka 2013, nje ya shule nyingi za serikali nchini Australia kulikuwa na bango la kijani lenye jina la ukoo la mtu mmoja. Walimu walilivaa kwenye fulana, wazazi wakalibandika kwenye vioo vya magari, na chama cha walimu, Australian Education Union, kikalitangaza nchi nzima. Jina lilikuwa Gonski. Mwenye jina hakuwa mwalimu wala mwanaharakati. David Gonski alikuwa mwanasheria wa makampuni, mwenyekiti wa Coca-Cola Amatil, mtu aliyetoka juzi tu kwenye uenyekiti wa soko la hisa la nchi, na mhitimu wa shule ambayo mtoto wa mwalimu wa kawaida haingii ila kwa ufadhili. Vyama vya wafanyakazi havina desturi ya kutembea na majina ya watu wa namna hiyo kifuani.

Jina hilo halijaondoka kwenye siasa za Australia. Kuna "Gonski ya kwanza", kuna "Gonski ya pili", na kuna "Gonski kamili", ambayo shule nyingi za serikali bado zinaingoja. Anayejaribu kufuatilia kutoka nje hupotea haraka katikati ya asilimia na mabilioni. Kwa maoni yangu, fomula yenyewe ni rahisi kuliko inavyosemwa. Ugumu unatoka kwingine: shule za Australia zinalipiwa na serikali mbili, ya taifa na ya jimbo, na kila serikali ina shule ilizozizoea. Bila kulielewa hilo, maisha ya Gonski na hesabu zake havitaeleweka.

Kutoka Cape Town hadi College Street

David Michael Gonski alizaliwa Cape Town, Afrika Kusini, Oktoba 1953, katika familia ya Kiyahudi. Baba yake, Alexander, alikuwa daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo. Machi 1960 polisi wa serikali ya ubaguzi wa rangi waliwaua watu 69 pale Sharpeville, na mwaka uliofuata familia ya Gonski ikahamia Sydney. Walikuwa wahamiaji, lakini si wahamiaji wa kuanza na mikono mitupu. Ujuzi wa baba ulikuwa unahitajika popote.

Kijana alipelekwa Sydney Grammar School, shule ya wavulana iliyoanzishwa miaka ya 1850, ambayo iko College Street, ng'ambo tu ya bustani ya Hyde Park, katikati ya jiji. Si shule ya kanisa. Sifa yake kubwa ni masomo, na ada yake siku hizi inapita dola 40,000 za Australia kwa mwaka. Mvulana mwingine aliyekuwa pale miaka hiyo, mdogo kwa Gonski kwa mwaka mmoja, aliitwa Malcolm Turnbull. Huyo tutakutana naye tena akiwa Waziri Mkuu. Gonski naye alirudi shuleni hapo akiwa mtu mzima, safari hii akiwa mwenyekiti wa bodi ya wadhamini.

Chuo kikuu alisoma biashara na sheria katika Chuo Kikuu cha New South Wales, UNSW, kitongoji cha Kensington. Uchaguzi huo una maana yake. Chuo Kikuu cha Sydney, chenye majengo ya mawe na heshima ya zaidi ya karne, kilikuwa mji huo huo. UNSW kilianzishwa mwaka 1949, na kitivo chake cha sheria kilipokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1971, kwa hiyo Gonski aliingia kikiwa bado kibichi. Mwaka 1974, akiwa na umri wa miaka 20, serikali ya Gough Whitlam ilifuta ada za vyuo vikuu nchini kote, na zilikaa bila kurudi hadi mwaka 1989. Basi hata mtoto huyu wa shule ya gharama kubwa alionja elimu iliyolipiwa na walipakodi. Mwaka 2005 alifanywa Mkuu wa UNSW, mhitimu wa kwanza wa chuo hicho kushika cheo hicho.

Mwaka 1977 aliajiriwa na kampuni ya mawakili ya Freehills. Akiwa na miaka 25 alikuwa tayari mbia, wakati wenzake wa rika hilo walikuwa bado wanabeba mafaili ya wakubwa. Hakukaa sana. Mwaka 1986 aliacha uwakili na kwenda kushauri makampuni juu ya kununuana na kuunganishwa, kupitia Wentworth Associates, kampuni aliyoshiriki kuianzisha na ambayo baadaye ilinunuliwa na benki ya Investec. Kabla hata ya kuondoka alikuwa ameshaingia kwenye bodi ya Westfield, kampuni ya maduka makubwa ya Frank Lowy, mhamiaji mwingine wa Kiyahudi aliyepanda kutoka chini kabisa.

Kutoka hapo orodha ni ndefu na sitaimaliza: magazeti ya Fairfax, Coca-Cola Amatil kwa zaidi ya miaka 15, soko la hisa la ASX, shirika la ndege la Singapore, benki ya ANZ, jumba la sanaa la jimbo, kikundi cha maigizo cha Sydney. Mtu anaweza kuuliza mwenyekiti wa bodi anafanya nini hasa. Meneja mkuu ndiye anayeendesha kampuni. Mwenyekiti huendesha kikao: anawaweka mezani watu wasiopendana, anasikiliza nani ana nguvu kweli na nani anapiga kelele tu, kisha anatafuta sentensi ambayo wote wanaweza kuitia sahihi bila kujiona wameshindwa. Serikali za vyama vyote viwili ziliiona faida ya kipaji hicho. Serikali ya John Howard ilimpa kazi ya kuchunguza ruzuku ya filamu, na mwaka 1997 kukawa na "Ripoti ya Gonski" ya kwanza ambayo leo karibu hakuna anayeikumbuka.

Kipaji hicho kina upande wake wa pili, na ni haki kuutaja. Mwaka 2012 serikali ya chama cha Labor ilimtuma Gonski akawaulize wajumbe wa bodi ya Future Fund, mfuko wa akiba wa taifa, ni nani wangependa awe mwenyekiti mpya. Wengi walimtaja Peter Costello, aliyekuwa Waziri wa Fedha wa upande wa upinzani na ndiye aliyeuanzisha mfuko huo. Serikali ikamteua Gonski mwenyewe. Upinzani ulipiga kelele bungeni kwa siku kadhaa. Aliyetumwa kumtafuta bwana harusi alirudi amevaa kanzu yake, walimwengu watasema nini?

Vyoo vya Goulburn

Sasa tumweke pembeni mtu huyo, turudi nyuma, maana ugomvi aliotumbukizwa ndani yake ulianza kabla hata Australia haijawa nchi.

Katika karne ya 19 makoloni ya Australia yalikuwa yakizisaidia shule za makanisa. Kisha yakabadili njia. Victoria, kwa sheria ya mwaka 1872, ilifanya elimu iwe ya bure, ya lazima na isiyofungamana na dini; New South Wales ikafuata mwaka 1880 na kukata misaada kwa shule za makanisa. Waprotestanti wengi waliridhika. Wakatoliki, wengi wao wa asili ya Ireland, walikataa. Maaskofu wao wakajenga mfumo wao wenyewe, wakiwategemea masista na mabruda waliofundisha karibu bila mshahara. Kwa zaidi ya miaka 80 mzazi Mkatoliki alilipa kodi iliyojenga shule ya serikali, kisha akachanga tena kanisani kwa ajili ya shule ya mwanawe.

Mfumo huo ulielemewa baada ya Vita Kuu ya Pili. Watoto walizaliwa kwa wingi, wahamiaji Wakatoliki wakamiminika kutoka Italia, Malta na Poland, na walioingia utawa wakapungua. Walimu wa kawaida walipaswa kulipwa. Mwaka 1962, mjini Goulburn, maofisa wa jimbo waliiamuru shule ndogo ya Kikatoliki iongeze vyoo la sivyo isitambuliwe. Kanisa likajibu kwa kufunga shule zake zote mjini na kuwaambia wazazi wawapeleke watoto shule za serikali. Watoto karibu 2,000 walitokea kuomba nafasi. Shule za serikali ziliweza kupokea mia chache tu. Mgomo haukumaliza hata wiki mbili, lakini kila mwanasiasa aliyejua kuhesabu alikuwa ameshapata somo.

Mwaka uliofuata Waziri Mkuu Robert Menzies, Mprotestanti wa asili ya Scotland, aliingia kwenye uchaguzi akiahidi pauni milioni 5 kwa mwaka za kujenga maabara za sayansi katika shule zote, za serikali na zisizo za serikali. Alishinda. Mwaka 1973 ripoti ya mchumi Peter Karmel, iliyoagizwa na Whitlam, ikaweka msingi wa kugawa fedha kwa kuangalia mahitaji ya kila shule. Wapinzani walikwenda Mahakama Kuu wakidai kwamba kuzipa shule za kanisa fedha za umma kunavunja katiba. Mwaka 1981 walishindwa, majaji sita dhidi ya mmoja.

Kuanzia hapo likajengeka gawio ambalo halikuandikwa popote kama kanuni. Katiba inawaachia majimbo elimu, kwa hiyo majimbo ndiyo yenye shule za umma, ndiyo yanayoajiri walimu wake. Canberra, yaani serikali kuu, haina shule, lakini ina kodi ya mapato, na katiba inairuhusu kuyapa majimbo fedha zenye masharti. Taratibu serikali kuu ikawa mlipaji mkubwa wa shule zisizo za umma, na majimbo yakabaki na mzigo wa shule za umma. Leo karibu theluthi mbili ya wanafunzi wako shule za serikali, moja ya tano hivi wako shule za Kikatoliki, na waliobaki wako shule nyingine za binafsi. Kwa nchi tajiri, hiyo ni sehemu kubwa sana ya watoto kuwa nje ya shule za umma.

Mwaka 2001 serikali ya Howard ilileta kipimo kipya kwa shule za binafsi: badala ya kuangalia mali ya shule, iliangalia mtaa wanakoishi wazazi, kwa kutumia takwimu za sensa. Lakini familia tajiri inaweza kuishi katika wilaya maskini, kwa mfano mwenye shamba kubwa la ng'ombe anayempeleka mwanawe bweni la mjini. Zaidi ya hayo, shule ambayo kipimo kipya kilionyesha inastahili kupata kidogo iliruhusiwa kubaki na fungu lake la zamani. Sehemu kubwa ya shule zikawa zinalipwa kupita hata fomula ya serikali yenyewe.

Watu sita na sharti moja

Aprili 2010, Julia Gillard, wakati huo Waziri wa Elimu, aliunda jopo la watu sita na kumweka Gonski mwenyekiti. Tazama waliokuwamo. Ken Boston alikuwa ameongoza idara ya elimu ya New South Wales. Carmen Lawrence alikuwa kiongozi wa zamani wa serikali ya Western Australia kwa chama cha Labor. Kathryn Greiner alikuwa mke wa kiongozi wa zamani wa serikali ya New South Wales kwa chama cha Liberal. Peter Tannock alitoka kwenye elimu ya Kikatoliki, Bill Scales kwenye uchumi na biashara. Kila kambi iliyoweza kulivuruga jambo ilikuwa na mtu ndani. Na mwenyekiti alikuwa mtoto wa Sydney Grammar, ili shule za matajiri zisiseme zimevamiwa.

Kulikuwa na sharti. Gillard aliahidi hadharani kwamba hakuna shule itakayopoteza hata dola moja kwa kila mwanafunzi kutokana na kazi hiyo. Sharti hilo liliamua mambo mengi kabla jopo halijafungua faili la kwanza. Ukikatazwa kuchukua kwa aliyezidishiwa, njia pekee ya kumfikia aliyepunjwa ni kuongeza fedha juu, na fedha za kuongeza ni nyingi.

Jopo lilitembelea shule 39 na kupokea maoni ya maandishi zaidi ya 7,000. Lilikuta nchi inayoteremka. Mwaka 2000, katika mitihani ya kimataifa ya wanafunzi wa miaka 15, ni nchi moja tu iliyoishinda Australia kwa kusoma na mbili kwa hisabati. Kufikia 2009 zilizoishinda zilikuwa sita kwa kusoma na 12 kwa hisabati. Pengo kati ya mtoto wa nyumba yenye nacho na wa nyumba isiyo nacho lilikuwa pana kuliko katika nchi nyingi tajiri. Na watoto wa chini walikuwa wamerundikana mahali pamoja: 36% ya wanafunzi wa shule za serikali walitoka katika robo ya chini kabisa ya jamii, dhidi ya 21% katika shule za Kikatoliki na 13% katika shule nyingine za binafsi.

Ripoti ilikabidhiwa Novemba 2011 na kutolewa kwa umma Februari 2012.

Hesabu yenyewe

Moyo wake ni kipimo kinachoitwa Kiwango cha Rasilimali za Shule. Unatafuta shule ambazo wanafunzi wake wanafaulu: katika mitihani ya taifa ya kusoma na hisabati, angalau wanafunzi 80 katika kila 100 wamevuka kiwango cha chini, miaka mitatu mfululizo. Unaangalia shule hizo zinatumia kiasi gani kwa kila mtoto asiye na shida ya ziada. Hicho ndicho kiwango cha msingi. Fomula ilipoanza mwaka 2014 kilikuwa dola 9,271 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi na 12,193 kwa wa sekondari. Msomaji wa Kenya atakumbuka kapitesheni, fedha za kichwa cha kila mwanafunzi. Mpaka hapo ni kitu kile kile.

Juu ya msingi huo zinakuja nyongeza. Kuna za mtoto na za mahali: mtoto wa familia ya kipato cha chini, mtoto wa wenyeji wa asili, yaani Waaborijini na watu wa Visiwa vya Torres Strait, mtoto mwenye ulemavu, mtoto ambaye Kiingereza kinamshinda, shule ndogo, shule ya mbali. Ubunifu wa jopo uko kwenye namna nyongeza inavyokua. Katika shule yenye watoto wachache wa wenyeji wa asili, kila mmoja wao huleta nyongeza ya takriban 20% ya msingi. Katika shule ambayo wote ni wa wenyeji wa asili, kila mmoja huleta 120%. Kwa viwango vya 2014, mtoto huyo huyo mmoja wa shule ya msingi angeongeza kama dola 1,850 katika shule moja na zaidi ya dola 11,000 katika nyingine. Sababu ni kwamba shida zikirundikana zinazidishana. Mwalimu mwenye watoto wawili walio nyuma darasani ana njia za kuwasaidia. Akiwa na 25, anafanya kazi nyingine kabisa.

Kwa shule za binafsi kuna hatua ya kutoa. Kiwango cha msingi kinapunguzwa kulingana na uwezo wa wazazi kuchangia, kuanzia 10% kwa jamii maskini hadi 80% kwa jamii tajiri zaidi. Shule ya matajiri inabaki na moja ya tano ya msingi, takriban dola 2,440 kwa mwanafunzi wa sekondari kwa bei za 2014. Nyongeza hazikatwi: mtoto mwenye ulemavu anabeba fungu lake popote aendako. Tangu 2020 uwezo huo hupimwa kwa mapato halisi ya wazazi, na yule mwenye shamba la ng'ombe hajifichi tena nyuma ya majirani zake.

Jopo lilikadiria kwamba kwa bei za 2009 ingehitajika nyongeza ya takriban dola bilioni 5 kwa mwaka kutoka serikali zote, na Canberra ingebeba kama 30% ya hizo. Lilipendekeza pia chombo huru, mbali na wanasiasa, kiwe kinapanga viwango na kuvipitia. Pendekezo hilo la mwisho ndilo serikali ya Gillard, ambaye sasa alikuwa Waziri Mkuu, haikulichukua. Mimi naliona kuwa kosa kubwa kuliko yote, kwa sababu lililofuata ni mapatano ya nyuma ya pazia, kila jimbo na lake.

Sahihi, kufuta, sahihi tena

Jimbo la kwanza kutia sahihi, Aprili 2013, lilikuwa New South Wales, lililotawaliwa na Liberal na National, wapinzani wa Gillard. Waziri wake wa elimu, Adrian Piccoli, alitoka chama cha National, chama cha wakulima na miji midogo. Alizipiga hesabu akaona kwamba shule za wapigakura wake, ndogo na za mbali, ndizo zingepata zaidi. Miaka mitano baadaye alikuwa mkurugenzi wa taasisi ya elimu pale UNSW yenye jina la Gonski. Queensland, Western Australia na Northern Territory hazikutia sahihi. Sheria ilipita bungeni Juni 2013.

Uchaguzi ulikuwa Septemba. Tony Abbott, kiongozi wa upinzani, alisema kabla ya kura kwamba juu ya fedha za shule yeye na Labor walikuwa kitu kimoja. Baada ya kushinda, Novemba, waziri wake Christopher Pyne alitangaza kuwa mpango utarudishwa mezani uanze upya. Siku chache baadaye, makelele yakiwa yamezidi, akageuka. Bajeti ya 2014 ilikuwa na jibu la kweli: kuanzia 2018 fungu lingepanda kwa mfumuko wa bei tu, na miaka mikubwa ya mpango, ambayo Labor ilikuwa imeipanga mwishoni kabisa, ikatoweka. Lawama nyingine ziende kwa Labor yenyewe, iliyoweka malipo mazito nje ya muda wake madarakani.

Mei 2017 Turnbull, sasa Waziri Mkuu, alisimama mbele ya waandishi wa habari huku pembeni yake yuko mwanafunzi mwenzake wa zamani. Kambi ya Labor ilikuwa imetumia jina la Gonski kwa miaka mitano, na ghafla mwenyewe amekaa upande wa pili. Mpango huo, "Gonski ya pili", ulikuwa na mazuri. Serikali ilidai kwamba mapatano ya Labor yalikuwa 27 tofauti. Hayo yalifutwa, na fomula ikawa moja nchi nzima. Ahadi ya kwamba hakuna atakayepoteza ilivunjwa pia: shule 24 za kitajiri zilitakiwa kupata pungufu, na mamia ya nyingine kupanda polepole. Maaskofu walikasirika kuliko matajiri wenyewe, na mwaka uliofuata serikali ya Scott Morrison ikawatuliza kwa dola bilioni 4.6 kwa shule za Kikatoliki na za binafsi kwa muda wa miaka kumi. Gonski aliandika ripoti nyingine mwaka 2018, safari hii juu ya ufundishaji, iliyotaka kila mtoto akue kimasomo kwa mwaka mmoja kila mwaka. Ilipokelewa kwa adabu ikawekwa kabatini.

Kipengele kilichoumiza kilikuwa kidogo kwa macho. Sheria ya 2017 ilisema Canberra italipa 20% ya kiwango cha shule za umma na 80% ya kiwango cha shule za binafsi. Gawio lile la kimya lililoanza baada ya Goulburn sasa likawa sheria. Kwa shule za umma 80% iliyobaki iliangukia majimbo, lakini yalitakiwa kufika 75% tu. Kisha katika mikataba ya miaka iliyofuata majimbo yakaruhusiwa kuhesabu hadi 4% ndani ya hiyo 75% kwa mambo kama uchakavu wa majengo na usafiri wa wanafunzi, vitu ambavyo Kiwango hakikukusudiwa kuvilipia. Piga hesabu: 20 na 75 ni 95, toa 4, zinabaki 91. Shule ya umma iliyotimiziwa kila ahadi kwenye karatasi bado ilipungukiwa senti 9 katika kila dola.

Shule za binafsi hazikuwa na tatizo hilo, kwa sababu mlipaji wao mkubwa ni mwenye mfuko uliojaa na analipa kwa wakati. Nyingi zilifika kiwango chao au zikakipita, na zilizopita zilipewa hadi 2029 kushuka. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza ripoti ilipotoka mwaka 2012 alimaliza darasa la 12 mwaka 2023, wakati shule za umma karibu kote nchini, isipokuwa eneo la Canberra lenyewe, hazijafika 100%, ile "Gonski kamili". Ndiyo maana nasema fomula haina lawama kubwa. Ilisema nani anahitaji nini. Haikupewa mamlaka ya kusema nani atoe.

Ilipofikia

Serikali ya Anthony Albanese, kupitia waziri Jason Clare, ilianza kwa kuwaambia majimbo kwamba Canberra ingepanda kutoka 20% hadi 22.5%, nao waongeze kiasi hicho hicho. Northern Territory, yenye shule za umma zilizopungukiwa kuliko zote, iliahidiwa 40% kufikia 2029. Majimbo makubwa yalikataa na kudai 25%. Yalishinda. La mwisho kutia sahihi lilikuwa Queensland, Machi 2025. Canberra itafika 25% mwaka 2034, majimbo yatabeba 75%, na ile 4% ya majengo na mabasi itaondolewa hatua kwa hatua.

Mambo mawili hayakuguswa. Hakuna sheria inayoiwekea shule ya binafsi inayopokea fedha za umma ukomo wa ada, wala inayoilazimisha kumpokea mtoto yeyote aliyebisha hodi. Jopo la 2010 halikuagizwa kugusa hayo, nalo halikuyagusa. Fedha hufuata mtoto. Shule ya binafsi ndiyo inayochagua mtoto yupi, na shule ya umma inapokea waliobaki.

Kuna badiliko moja lililopita kwa kelele kidogo mwishoni mwa 2024. Hadi wakati huo 20% ya Canberra kwa shule za umma ilikuwa dari: sheria yenyewe ilizuia kulipa zaidi. Sasa imekuwa sakafu. Serikali ijayo haitaweza kushuka chini ya hapo bila kupeleka muswada bungeni mbele ya macho ya wote. Lakini tofauti kati ya 20% na 25% imeandikwa kwenye mikataba na majimbo, na hadi 2034 wananchi wa Australia watakuwa wamekwenda kwenye uchaguzi mkuu angalau mara mbili.